Wenzangu wengi idara ya hesabu wameacha kazi, mimi nabaki. Nijilinde vipi?

Mama_Daftari

Wakuu, habari za kazi.

Niko kampuni binafsi ya kusambaza bidhaa za majumbani hapa Dar. Idara ya hesabu tulikuwa saba, sasa tumebaki watatu: mimi, keshia, na kijana anayekaa na mashine ya EFD (ya kutoa risiti za kodi). Mhasibu mkuu ameondoka, msaidizi wake naye hivyo hivyo, na anayefuatilia wadaiwa ameshaandika barua, yuko kwenye notisi. Ghalani nako watu wanapungua. Hakuna aliyefukuzwa. Wengine wamepata kwingine, wengine hawasemi.

Nimeamua kubaki kwa sasa, kwa hiyo siulizi niondoke au nisiondoke. Nina miaka sita hapa, mkataba hauna kikomo, mshahara wa msingi 900,000 na posho 100,000. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu bado wananikata. Mshahara unaingia, ila miezi ya karibuni unachelewa siku kadhaa.

Bosi kaniambia kwa mdomo tu, "shikilia meza ya mhasibu mkuu mpaka tupate mtu." Funguo za sefu ninazo tayari, sijasaini chochote. Naomba wenye uzoefu mnisaidie mambo matatu. Nitajuaje kama kampuni inayumba au ni watu tu wamehama? Meza ya mtu aliyeondoka inapokelewaje? Na malipo ya kazi hii ya ziada yakoje?

---

Afisa_Ajira

Dada, kabla ya kuhesabu wangapi wameondoka, tazama ni akina nani. Wakiondoka vijana wenye mwaka mmoja au miwili kwa sababu jirani analipa zaidi, hilo ni soko. Akiondoka mhasibu mkuu na msaidizi wake kwa kufuatana, hao ndio waliokuwa wanaona taarifa ya benki kila asubuhi, na kuondoka kwao kuna uzito kuliko kwa watu kumi wa ghalani. Si lazima iwe kampuni inafilisika. Huenda wamechoka tu kupigiwa simu na wasambazaji wanaodai. Lakini usibahatishe wakati vipimo unavyo.

Kampuni ikikaukiwa fedha huanza kuchelewesha malipo ambayo hayana mtu wa kuyapigia kelele mlangoni. Kwanza NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), halafu kodi, halafu wasambazaji wadogo, na mshahara huwa wa mwisho kwa sababu siku hiyo hiyo watu wanajua. Ndiyo maana mshahara kuingia hakukuambii mengi. Anza na NSSF. Omba taarifa ya michango yako ya miezi 12, mwezi kwa mwezi, kwenye akaunti yako ya mwanachama mtandaoni au ofisini kwao. Mchango ni asilimia 20, kwa kawaida nusu unakatwa wewe na nusu anaongeza mwajiri, kwa hiyo kwa 1,000,000 yako kila mwezi usome 200,000. Ukisoma 180,000, wanachangia kwenye mshahara wa msingi peke yake na posho wameiacha. Uliza kwa nini. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha, hivyo mchango wa Machi kutoonekana tarehe 20 Aprili si kosa bado. Kutoonekana katikati ya Mei ni tatizo.

Pili, Bodi ya Mikopo. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwako 135,000. Angalia kama salio la deni linashuka kwa kiasi hicho. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara huku deni halishuki ni fedha yako ambayo imetumika kuendeshea biashara.

Tatu, kwa kuwa sasa umeshika meza: PAYE (kodi ya mshahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) mwisho ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT ni tarehe 20. Tafuta stakabadhi za malipo, usitosheke na ritani. Ritani zinaweza kuwa zimewasilishwa kwa wakati na kontroo namba (namba za kulipia) zikabaki hazijalipwa.

Jinsi ya kuyasoma matokeo: NSSF ikiwa imekamilika, kodi imelipwa, na mshahara unachelewa siku chache tu, mara nyingi ni wateja wakubwa wanaolipa kwa mkopo wa siku 60 au 90. Biashara ya usambazaji ndivyo ilivyo, na hapo kubaki hakuna ubaya. NSSF ikiwa nyuma mwezi mmoja na kodi imelipwa, kuna ukata lakini kuna mtu anausimamia. Ikiwa NSSF imesimama miezi mitatu na PAYE haijaenda, wenzako waliondoka wakijua wanachokimbia.

Hili la NSSF lisikupite kwa sababu nyingine. Fao la kukosa ajira linahitaji uwe umechangia angalau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Michango isiyofika inaweza kukunyima fao siku utakayolihitaji.

---

Vocha_na_Stakabadhi

Nijibu la makabidhiano maana hapo ndipo watu wanaobaki huumia. Aliyeondoka hayupo kujieleza, bosi hakumbuki alichoidhinisha, na swali lolote linaletwa kwa mwenye funguo. Kushika funguo za sefu bila karatasi maana yake umekubali kila kilichomo na kila kilichopungua.

Mhasibu mkuu ameshaondoka, kwa hiyo makabidhiano ya kawaida hayawezekani. Fanya *hesabu ya kuanzia*. Chagua siku moja na saa moja, mathalani Ijumaa saa 11 jioni baada ya mauzo kufungwa, na kila kitu kihesabiwe kwa saa hiyo hiyo. Awepo bosi au mtu aliyemteua kwa maandishi, keshia, na shahidi kutoka idara nyingine. Mhesabu fedha taslimu kwa noti na sarafu, muandike idadi ya kila noti, si jumla tu. Andikeni namba ya mwisho ya kitabu cha vocha, cha stakabadhi na cha hundi. Hundi zilizosainiwa zikiwa tupu ndani ya sefu (utazikuta, karibu kila kampuni inazo) zifutwe mbele ya wote na namba zake ziandikwe. Chapisheni taarifa ya benki ya siku hiyo kwa kila akaunti, na ripoti ya Z ya EFD (jumla ya mauzo) ya siku hiyo.

Kwenye karatasi ya mwisho weka sentensi hii au inayofanana nayo: "Nimepokea vilivyoorodheshwa hapo juu bila makabidhiano ya mtangulizi wangu, na sithibitishi usahihi wa miamala ya kabla ya tarehe hii." Watu watatu wasaini kila ukurasa. Nakala moja ibaki kwako.

Aliye kwenye notisi ni bahati yako, mtumie kabla hajaondoka. Kwa mfuatilia wadaiwa hatari kubwa ni fedha iliyopokelewa kwa mteja ikaandikwa nusu au isiandikwe, kisha malipo ya mteja wa pili yakafunika ya wa kwanza. Ukiwa ndani ya ofisi huoni kitu; deni linaonekana la kawaida. Njia ya kulikamata ni kuwaandikia wateja wenyewe. Chukua wateja 20 wenye madeni makubwa, uwapelekee barua ya salio hadi tarehe fulani, saini ya bosi, na jibu lirudi kwako au kwa bosi, lisipite mkononi mwa anayeondoka. Mteja akisema "hili nilishalipa, stakabadhi ninayo," lishughulikiwe wakati mhusika bado yupo ofisini. Akishaondoka ni neno lako na la mteja.

Sasa mambo ya simu na mitandao, yanasahaulika sana. Laini ya simu inayopokea malipo ya Lipa Namba, imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha nani? Kama ni cha aliyeondoka, anaweza kuifunga au kuirudisha kwake akiwa nyumbani. Laini inayopokea namba za siri za benki mtandaoni ni ya nani? Nani amesajiliwa TRA kuwasilisha ritani za kampuni? Sahihi za benki bado zina jina la mhasibu mkuu? Kila moja inahitaji barua ya kampuni iliyosainiwa na mkurugenzi, na benki huchukua siku kadhaa, kwa hiyo anza na hizo. Na usikubali kabisa kutumia nywila ya aliyeondoka "kwa muda". Mfumo utaandika jina lake kwenye kazi yako, na siku ya ukaguzi wote wawili mtakana.

Mkiwa watatu, mgawanyo uwe hivi: keshia anapokea na kutunza fedha, wewe unaandika na kulinganisha daftari na benki, bosi au meneja wa ghala anahesabu sefu kwa kushtukiza angalau mara moja kwa wiki na kusaini. Kwenye benki mtandaoni, anayeandaa malipo asiwe anayeidhinisha. Bosi akikupa vifaa vyote viwili vya kuidhinisha kwa kuwa anasafiri, kimoja kirudishe. Najua anaona anakuamini. Lakini mtu mmoja mwenye sefu, daftari na benki hawezi kuthibitisha kuwa hakuiba, hata awe malaika.

---

Mama_Daftari

Ahsanteni sana. Nimehesabu peti keshi (fedha ya matumizi madogo ya ofisi) leo na keshia baada ya kusoma hapa. Daftari linasema 500,000, taslimu na vocha ni 314,000. Pungufu 186,000. Keshia anasema mhasibu mkuu alikuwa anachukua kwa kikaratasi na kurudisha mwisho wa mwezi. Vikaratasi havipo. Natamani nizibe tu yaishe maana ni fedha ndogo.

---

Vocha_na_Stakabadhi

Usizibe dada. Ukiweka fedha yako umekiri kimyakimya kuwa pungufu ni lako, na mwezi ujao likitokea jingine utaulizwa kwa nini safari hii huzibi. Leo hii andikeni karatasi ya hesabu: tarehe, saa, noti ngapi za 10,000, ngapi za 5,000, vocha namba fulani hadi fulani, jumla, pungufu 186,000, maelezo ya keshia kwa mkono wake mwenyewe. Mkasaini wote wawili. Mpelekee bosi kabla ofisi haijafungwa, na asaini kuwa kapokea. Akigoma kusaini, mtumie kwa barua pepe ya ofisi ukiwa umeambatisha picha ya karatasi.

Kisha funga mfumo wa vikaratasi. Masurufu (fedha anayopewa mtu kwa matumizi ya kazi) yatoke kwa vocha iliyoidhinishwa, na yarejeshwe ndani ya siku 7. Jumla ya taslimu na vocha iwe 500,000 wakati wowote mtu akiingia kuhesabu.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Niongeze upande wa sheria. Nazungumzia Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Zanzibar wana sheria yao Na. 11 ya 2005.

Kuhusu hilo pungufu: kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kukukata mshahara kwa hasara hivi hivi. Lazima hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yote ya deni hilo yasizidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo karatasi ya hesabu uliyoshauriwa si mapambo. Ndiyo inayoonyesha pungufu lilikuwepo kabla yako.

Kuhusu "shikilia meza": hayo ni mabadiliko ya masharti ya kazi. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ashauriane nawe, arekebishe maelezo ya kazi yako kwa maandishi na akutaarifu kwa maandishi. Omba *barua ya kukaimu*. Iwe na tarehe ya kuanza na ya kwisha (miezi mitatu inatosha), majukumu, kiwango cha juu cha fedha unachoweza kuidhinisha, posho ya kukaimu, na kipengele ambacho wengi hawakiombi: kazi zako za zamani zipi zinasimama au zinakwenda kwa nani. Barua isiyo na kipengele hicho inakupa meza mbili. Barua isiyo na tarehe ya kwisha inakufanya ukaimu mpaka usahaulike.

Saa za kazi: kawaida ni saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika kila wiki nne, na siku yoyote kazi yote isizidi saa 12. Malipo ni mara moja na nusu ya msingi wa saa, na siku ya mapumziko ya wiki ni mara mbili. Kwa mshahara wa mwezi gawanya kwa 195 kama mkataba wako ni saa 45: 900,000 ÷ 195 ni 4,615 kwa saa. Ovataimu ni 6,923 kwa saa, siku ya mapumziko 9,231. Saa 50 kamili ni kama 346,000.

Hapa pana mtego ambao lazima uujue kabla ya kusaini. Masharti ya saa na ovataimu hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukikaimu nafasi ya mhasibu mkuu, mwajiri anaweza kusema umeingia kundi hilo, na ovataimu ikafa siku ile ile unapofurahia posho. Posho ya kukaimu ya 100,000 ukiwa unafanya saa 50 za ziada ni hasara ya karibu 246,000 kabla ya makato. Ama barua iseme wazi ovataimu inaendelea, ama posho iwe kubwa ya kuifidia.

Likizo: siku 28 kwa mwaka. Mwajiri anaweza kupanga lini, lakini iwe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au 12 ukikubali na kazi ikidai hivyo. Watu wachache wakibaki, likizo ndiyo ya kwanza kuahirishwa kwa mdomo, na isiyochukuliwa ndani ya muda inaweza kupotea bila malipo. Omba tarehe kwa maandishi. Ukikataliwa, jibu la kukataliwa litunze.

---

Mkono_wa_Birika

Mimi siafikiani na utulivu wa wachangiaji waliotangulia. Barua zote hizo zitafanyiwa kazi ikiwa kuna bosi anayesoma barua. Wahasibu wawili wakubwa wameondoka na hakuna tangazo la kazi lililotoka; hiyo kampuni haitafuti mtu, imeshampata kwa bei nafuu, ni wewe. Weka kikomo kabla ya kuanza, maana ukishaingia ndani ya kazi kila mwezi utakuwa na sababu ya kusubiri mwezi mmoja zaidi. Kikomo kiwe kitu kinachoonekana: barua ya kukaimu isipotoka ndani ya siku 14, NSSF ikiwa nyuma miezi miwili, au ukiambiwa usaini ritani unayojua si ya kweli. Hilo la mwisho halina siku ya kusubiri.

Na usiombe nyongeza kwa tarakimu ya juu, omba kwa fedha ya mkononi. Kwa viwango vya TRA vilivyopo: mshahara wako ghafi 1,000,000, toa NSSF 100,000, kodi inapigwa kwenye 900,000 na ni 103,000. Toa Bodi 135,000. Unabaki na 662,000. Wakikuongeza 200,000 kama posho ya kukaimu: NSSF inakuwa 120,000, kodi 152,000, Bodi ikibaki 135,000 kwa kuwa msingi haujabadilika, mkononi unapata 793,000. Ongezeko halisi ni 131,000. Wakiiweka kwenye msingi, Bodi inapanda hadi 165,000 na ongezeko linabaki 101,000, lakini msingi ndio unaohesabiwa kwenye ovataimu na kiinua mgongo, na posho inaondoka siku kukaimu kukiisha. Kwa miezi mitatu chukua posho. Kwa muda mrefu dai msingi na cheo.

Muda wa kuomba ni sasa, kabla hujafunga hesabu za mwezi wa kwanza peke yako. Ukishafunga mara mbili bila kelele, watajua inawezekana.

---

Afisa_Ajira

@Mkono_wa_Birika kuhusu kikomo nakubaliana nawe kabisa. Lakini kabla hajafika mlangoni ajue tofauti ya kuacha na kupunguzwa. Akiacha mwenyewe, hana kiinua mgongo na hana fao la kukosa ajira. Mwajiri akipunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 kinamlazimu kutoa notisi ya kusudio, kutoa taarifa zote muhimu na kushauriana kuhusu sababu, njia za kuepusha, vigezo vya nani aondoke, wakati, na malipo. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa kazi ya siku 6 kwa wiki, 900,000 ÷ 26 ni 34,615 kwa siku. Mara 7, mara miaka 6, ni kama 1,453,800. Juu yake notisi ya siku 28, likizo iliyobaki, na cheti cha utumishi.

Kwa hiyo siku wakileta fomu ya "kuacha kwa hiari" au "makubaliano ya pande mbili" na kusema isainiwe leo hii, rudi nayo nyumbani. Linganisha wanachotoa na hesabu hiyo pamoja na fao la NSSF. Ikiwa chini, fomu inakupunguzia.

Ukiamua kuondoka mwenyewe, toa notisi kamili na uifanyie kazi. Usipoifanyia kazi, mwajiri anaruhusiwa kukata thamani yake kwenye stahiki zako. Likitokea la kufukuzwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea fomu CMA F1 ndani ya siku 30. Madai mengine kama mshahara au ovataimu ni siku 60. Siku hizo hupotea kirahisi watu wakisubiri "tutaitana tuzungumze".

Weka nyumbani nakala za vitu vyako: mkataba, hati za mshahara za miezi 12, barua zako, taarifa ya NSSF. Orodha za wateja na mafaili ya kampuni usijitumie kwenye barua pepe binafsi, hata kwa nia ya kujilinda. Pamoja na kuwa kosa la nidhamu, yamo majina na namba za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

---

Mombasa_Raha

Nafuatilia kutoka Mombasa, hali ni kama hiyo hiyo kwenye kampuni za huku. Hizo tarehe ni sawa na zetu?

Kifungu_kwa_Kifungu

Hapana ndugu. Kenya PAYE, NSSF, SHIF (bima ya afya) na tozo ya nyumba mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo uchelewaji wa NSSF utauona mapema zaidi kuliko sisi. Kupunguzwa kazi ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007: notisi ya mwezi mmoja kwa chama au kwa mfanyakazi pamoja na afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

---

Msomaji_Kimya

Naomba kuuliza hapa hapa. Mkataba wangu ni wa miaka miwili, umebaki miezi tisa. Na mimi naweza kutoa siku 28 nikaondoka kama wenzangu?

Kifungu_kwa_Kifungu

Soma mkataba kwanza, kama una kipengele cha kuuvunja kwa notisi, kifuate. Kama hauna, kanuni za utendaji bora za 2007 (GN 42) zinasema mwenye mkataba wa muda maalumu anaacha ikiwa mwajiri amevunja mkataba kwa jambo la msingi, vinginevyo apate ridhaa ya mwajiri. Wenzako wenye mikataba isiyo na kikomo wanaondoka kwa notisi, wewe unaweza kudaiwa. Andika kuomba ridhaa, pendekeza tarehe na namna utakavyokabidhi, upate jibu la maandishi ndipo usaini kwingine.

---

Mama_Daftari

Bosi amesaini karatasi ya peti keshi. Barua ya kukaimu kasema niandike rasimu mwenyewe, nitaiandika kwa vipengele mlivyotaja. NSSF iko nyuma mwezi mmoja, kodi zimelipwa. Swali la mwisho: nimemdhamini msaidizi wa mhasibu mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, na ameshaondoka. Nifanye nini?

Vocha_na_Stakabadhi

Hilo lifanye kabla ya rasimu ya barua. Uliza kwanza kama stahiki zake za mwisho zimeshalipwa. Kama bado, waandikie SACCOS leo, nakala kwa ofisi ya utumishi, kuwa mkopaji ameacha kazi na wewe ni mdhamini. Omba salio la deni kwa maandishi, na omba akiba na hisa zake zielekezwe kwenye deni kabla ya kugusa za wadhamini. Angalia fomu ya mkopo: wengi huwa wamesaini kuruhusu stahiki zao zikatwe wakiacha kazi, na kama saini hiyo ipo, ofisi ipewe nakala kabla hundi haijatoka. Bila ridhaa yake ya maandishi ofisi haiwezi kumkata, itabidi SACCOS wamfuate wenyewe.

Kama stahiki zimeshatoka, omba SACCOS wamwandalie ratiba mpya ya marejesho kupitia benki au simu, aisaini, na muombe mdhamini mwingine. Jua pia mlikuwa wadhamini wangapi na kila mmoja alisaini kiasi gani, maana wakianza kukata akiba za wadhamini kwa mkupuo huwa wanamkata aliyebaki kazini, ambaye mshahara wake bado unapita kwao.

Na yule anayefuatilia wadaiwa, kama naye ulimdhamini, barua yake iende leo hii hii, bado yuko kwenye notisi.